Sifa za Mnyama na Bei Yake: Habari za Soko la Mifugo katika Usambara

I

Katika methali za Kiswahili iko moja isemayo: Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wafasiri huieleza kuwa ni malalamiko ya mtu asiye na bahati, nao hawakukosea. Walakini methali hii ina jambo jingine ndani yake ambalo aghalabu hupitwa bila ya kutazamwa. Kwa nini kuzaa dume kuwe msiba? Kwa mwenye bucha dume ni bora, maana mara nyingi humpita jike kwa uzito na nyama yake ni nyingi zaidi. Basi waliotunga methali hii hawakuwa wakihesabu kwa ratili. Walihesabu kwa uzazi: jike ni mwanzo wa zizi, na dume, baada ya mmoja anayetosha kupanda majike yote, ni kitoweo tu.

Makala haya yakusudia kuchunguza jambo hilo katika nchi moja, yaani Usambara, na hasa sehemu ya magharibi ambayo leo ni wilaya ya Lushoto. Hoja yetu ni hii: hapakuwa wakati wowote na bei moja ya ng'ombe au ya mbuzi katika milima hiyo. Palikuwa na bei ya uzazi, bei ya maziwa, bei ya nyama na bei ya ibada, na kila moja ilitazama sifa zake katika mnyama. Magomvi mengi ya karne iliyopita baina ya serikali na wafugaji, ambayo wakubwa waliyaita ukaidi wa wenyeji, yalikuwa kwa sehemu kubwa magomvi ya watu waliotamka neno moja, bei, na kila mmoja akikusudia maana yake. Ushahidi wa jambo hili umo katika kumbukumbu za serikali, lakini umo pia katika msamiati, nao ndio unaoyahusu zaidi majarida kama hili.

II

Yafaa kwanza kuikumbuka nchi yenyewe. Milima ya Usambara huinuka ghafula kutoka nyika ya Mkomazi na bonde la mto Pangani, hata vilele vyake vya magharibi hupita mita 2,000. Wasambaa wenyewe tangu zamani waligawa ulimwengu wao sehemu mbili: mlimani, penye mvua, migomba na baridi, na nyikani, penye jua, njaa ya mara kwa mara na maradhi. Mgawanyo huo ulihusu watu na mazao, na ulihusu mifugo kadhalika.

Katika sehemu nyingi za nyika mna mbung'o, naye huua ng'ombe. Mlimani hakuna mbung'o, lakini kupe wako, na kupe huleta ndigana. Jina hili la ugonjwa lafanana na la Kimaasai, oltikana, na kufanana huko kwaonyesha jinsi maarifa ya ng'ombe yalivyokuwa yakivuka mipaka ya makabila. Ndama aliyezaliwa mahali penye ndigana, akaugua na asife, hupata kinga; ng'ombe mzima aliyeletwa kutoka mahali pasipo na ugonjwa huo hufa upesi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili halikuwa juu ya unene wala juu ya rangi. Lilikuwa: mnyama huyu ametoka wapi? Ng'ombe wawili waliofanana kwa kila kitu machoni waweza kutofautiana sana kwa thamani, mmoja akiwa amezaliwa katika kijiji cha jirani na mwingine amepandishwa jana kutoka Mombo. Hii ni sifa isiyoonekana, na ndiyo maana soko la mifugo tangu zamani limetegemea ushuhuda wa watu wanaojuana.

Mlimani hawakukaa Wasambaa peke yao. Katika nyanda za juu, karibu na misitu, walikaa Wambugu, watu waliojulikana kwa ufugaji wa ng'ombe. Wataalamu wa lugha wanawafahamu kwa sababu nyingine: lugha yao, iitwayo pia Kimaa cha ndani, ina sarufi ya Kibantu na msamiati wenye asili ya Kikushi na ya Kimaasai. Marehemu Wilfred Whiteley aliiandikia mnamo mwaka 1960, na Maarten Mous akatoa kitabu kizima juu yake mwaka 2003. Kwa makusudi ya makala haya yatosha kusema kwamba watu waliobadili karibu sarufi yote waliyoirithi hawakuacha maneno yao. Msomaji ataona mbele kwamba hata katika Kiswahili maneno ya zizini yana maisha marefu kuliko sheria za sokoni.

III

Kabla ya fedha kuenea, mnyama wa Usambara alikuwa ni akiba na pia ni kipimo cha haki baina ya watu. Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, zaeleza jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, alivyowapa watu wa mlimani nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Ufalme wa Wakilindi wasimuliwa hivyo kuwa ulianzia katika badilishano la nyama kwa nafaka na ndizi. Hata Kimweri ye Nyumbai alipotawala Vuga, yule ambaye Ludwig Krapf alimzuru mwaka 1848 na tena mwaka 1852, mali ya mtu ilikuwa ikijulikana kwa zizi lake. Mahari yalilipwa kwa mbuzi na ng'ombe. Faini zililipwa hivyo hivyo. Aliyekuwa na mavuno mengi aliyageuza mbuzi, na aliyekuwa na mbuzi wengi aliwageuza ng'ombe jike, kwa kuwa mahindi huliwa na fuko lakini ng'ombe huzaa.

Katika mabadilishano ya namna hii sifa zilizotazamwa ni tatu: jinsia, umri na uzazi. Lugha ya Kiswahili imezihifadhi kwa uangalifu mkubwa. Jike asiyezaa bado lakini aliyekwisha kukua ni mtamba. Mbuzi au kondoo aliyepita utoto na hajaanza kuzaa ni mfarika. Jike anayezaa ni koo, neno tunalolitumia zaidi sasa kwa kuku, lakini asili yake ni kwa wanyama wote wafugwao. Jike asiyezaa kabisa ni tasa. Kwa upande wa madume, mbuzi wa mbegu ni beberu, ng'ombe wa mbegu ni fahali, na yeyote aliyehasiwa ni maksai.

Msomaji atazame mpango wa maneno haya. Majike hupewa majina kwa kadiri ya mahali walipofika katika safari ya uzazi: hajazaa, anazaa, hatazaa. Madume hupewa majina kwa swali moja tu, atapanda au hatapanda. Wala hakuna neno moja la asili katika orodha hii linalotaja uzito. Tukiitazama orodha hii kama daftari la bei, twaona kwamba mtamba alikuwa juu kabisa, maana mnunuzi alipata maisha yote ya uzazi wa mnyama huyo. Koo aliyezaa mara mbili au tatu alimfuata au hata kumpita, kwa kuwa uzazi wake ulikwisha kuthibitika. Tasa alikuwa chini kabisa, ingawa mara nyingi ndiye mnene kuliko wote. Mwenye kupima kwa macho ya bucha angeipindua orodha nzima, chini ikawa juu.

Hapo pana jambo la kuzingatia kwa watungaji wa kamusi. Kamusi ikisema kwamba mtamba ni ng'ombe jike mchanga, imesema kweli nusu. Haikusema kwamba neno lenyewe ni ahadi. Mtu aliyeahidiwa mtamba katika mahari, akaletewa jike mwenye umri huo huo lakini amekwisha kuharibu mimba, ana haki ya kushtaki mbele ya wazee, wala hawatamwambia kwamba ng'ombe ni ng'ombe.

Kulikuwa na bei ya ibada pia. Mnyama wa tambiko hakupimwa kwa uzazi wala kwa unene bali kwa ukamilifu wa mwili na mara nyingi kwa rangi. Mbuzi wa rangi moja, asiye na doa wala kovu, aliweza kutakiwa na mtu ambaye siku nyingine asingemtazama. Thamani yake ilikuwa ya siku ile na ya haja ile, kisha akarudi kuwa mbuzi kama wengine.

IV

Kutoka pwani yalikuja maneno mengine, nayo yalikuja pamoja na desturi zake. Bei, thamani, mnada, dalali, mahari, maksai: yote haya asili yake ni Kiarabu. Kinyume chake, mahali penyewe pa kukutania, gulio, jina lake ni la Kibantu, limetokana na kitenzi cha kununua kama kilivyo katika lugha za bara, gula. Basi katika soko la mlimani mahali ni pa wenyeji na namna ya kupatana bei imechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka pwani. Mpango huu si wa bahati tu. Unalingana na historia ya njia za misafara zilizopanda kutoka Pangani na Tanga.

Dini ya Kiislamu, iliyoenea sana katika Usambara, ilileta mizani nyingine ya sifa. Mnyama wa kuchinjwa siku ya Idi Kubwa amewekewa sharti: asiwe chongo dhahiri, asiwe kilema dhahiri, asiwe mgonjwa dhahiri, wala asiwe amekonda hata hana uboho. Amewekewa pia umri. Ng'ombe awe ametimiza miaka 2, na mbuzi, kwa madhehebu ya Shafi inayofuatwa pwani, kadhalika miaka 2. Kondoo hukubaliwa akiwa na mwaka 1. Kwa akika ya mtoto wa kiume hupendelewa mbuzi wawili, na kwa wa kike mmoja. Umri hujulikana kwa meno, na kwa hiyo mnunuzi hufunua mdomo wa mnyama kabla hajafungua mfuko wake. Siku chache kabla ya Idi mbuzi dume aliyetimia hupanda bei kupita jirani yake aliyepungukiwa na miezi michache, hata wakiwa wazito sawasawa. Idi ikipita, tofauti hiyo hupotea.

Fikihi haikuacha kuangalia udanganyifu. Katika hadithi za Mtume limo katazo la kumwacha mnyama bila ya kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua kwa namna hiyo amepewa hiari ya siku 3, ama ambakize mnyama, ama amrudishe pamoja na pishi ya tende kuwa badali ya maziwa aliyoyakamua. Hukumu hii yatupa hoja mbili. Ya kwanza, kiwele kilikuwa sifa yenye bei tangu zamani sana, maana hakuna adanganyaye kwa kitu kisicho na thamani. Ya pili, sheria ilitambua kwamba katika biashara ya wanyama muuzaji hujua zaidi kuliko mnunuzi, na kwamba jicho pekee halitoshi. Neno letu ila, kwa maana ya kasoro, lina nguvu yake yote katika jambo hili: mnyama mwenye ila iliyofichwa haukamiliki uuzaji wake.

V

Mwisho wa karne ya 19 ulileta mambo matatu kwa mfululizo: sotoka, kodi na reli.

Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kwenye miaka ya 1890 na 1891, ikaua ng'ombe wa Wamaasai karibu wote na kuacha mazizi matupu katika nchi zote za jirani. Ugonjwa huo sasa umekwisha duniani. Mataifa yalitangaza hivyo mwaka 2011. Lakini wakati ule, kila jike aliyesalia alikuwa ni mbegu ya zizi jipya, na kumchinja kwa ajili ya nyama kulikuwa ni kula mbegu ya mwaka ujao.

Ndipo serikali ya Wadachi ilipoweka kodi ya nyumba, sheria yake ikitangazwa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilitaka kitu cha kuuzwa. Hapo kwa mara ya kwanza wenye mifugo wengi walilazimika kuuza katika msimu mmoja, na wote wanapouza pamoja, bei huanguka. Mwenye zizi aliyekuwa na hekima alijua cha kutoa: alitoa dume, maksai, tasa na mzee. Mtamba alifichwa. Afisa aliyekuja kununua alionyeshwa wanyama dhaifu, naye akaandika katika taarifa yake kwamba mifugo ya nchi ni hafifu. Hakujua kwamba alikuwa akitazama upande mmoja wa zizi tu.

Reli nayo ilianza kujengwa Tanga katika miaka ya 1890, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Tangu hapo nyama na siagi za mlimani ziliweza kufika pwani kwa siku moja. Walowezi walikwisha kukaa Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, na mwaka 1896 serikali ilifungua shamba la majaribio huko Kwai, ambako mazao na mifugo ya Ulaya vilijaribiwa. Kwa watu wa mlimani ng'ombe wa Kwai walikuwa ajabu: hawana nundu, viwele vyao ni vikubwa, na hufa haraka wakiumwa na kupe. Methali yasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Huyu mgeni hakuwa na nundu, wala hakuwa na ustahimilivu wa mwenye nundu. Sifa moja ilikuja na upungufu wa nyingine, na mashaka hayo yalidumu katika akili za wanunuzi kwa muda mrefu.

VI

Chini ya Waingereza ratili ilitawala. Minada ya serikali ilienea, wanunuzi wa nyama walitoka mijini na mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe, ambako vibarua walihitaji kitoweo, na kiwanda cha Tanganyika Packers kikaanzishwa Kawe, Dar es Salaam, serikali ikishirikiana na kampuni ya Liebig, ili kutia nyama katika mikebe. Kwa kiwanda cha mikebe mtamba na tasa ni sawa. Kinachopimwa ni nyama itakayobaki baada ya kuondolewa ngozi na mifupa.

Ili kuona matokeo ya fikira hii yatupasa kutoka Usambara kidogo na kutazama Ukamba wa Kenya, ambako mgongano ulionekana wazi kuliko mahali popote. Mwaka 1938 serikali ya Kenya, ikihofia mmomonyoko wa udongo katika wilaya ya Machakos, iliamuru Wakamba wapunguze ng'ombe kwa lazima. Walionunua walikuwa pamoja na kiwanda cha Liebig cha Athi River, na bei iliyolipwa wenyewe waliiona kuwa ni dhuluma. Julai ya mwaka huo maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda kwa miguu hata Nairobi, wakakaa huko wakidai ng'ombe wao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima uliachwa. Yafaa kuuliza ni dhuluma gani waliyoilalamikia. Fedha zililipwa, na kwa hesabu ya nyama ya kopo huenda hazikuwa chache mno. Lakini Mkamba alinyang'anywa uzazi akalipwa nyama. Maafisa na wafugaji hawakuhitilafiana juu ya shilingi pekee. Walihitilafiana juu ya kitu kilichokuwa kikiuzwa.

Huko Usambara mambo yalifuata njia iliyo karibu na hiyo. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara nzima. Watu waliamriwa kulima matuta katika miteremko, na malisho yakawekewa mipaka. Jambo la matuta ndilo lililochukiza zaidi, kwa kuwa kazi yake iliwaelemea wanawake, na upinzani ulipokua na kuungana na siasa za kudai uhuru, mpango ukaachwa kabla ya miaka ya 1950 kwisha. Hata hivyo habari ya mifugo haipaswi kusahauliwa. Mwenye ng'ombe wanne alipoambiwa apunguze, hakuulizwa yupi. Kwa karani wote walikuwa vichwa vinne. Kwa mwenyewe mmoja alikuwa mahari ya mwanawe, mmoja maziwa ya watoto, mmoja amewekwa kwake na ndugu, na mmoja tu ndiye wa kuuzwa.

Hatusemi kwamba serikali ilikosa katika kila jambo. Udongo ulikuwa ukienda kweli, na mito ya masika ilikuwa myekundu. Wala hatusemi kwamba mizani ni adui. Kwa yule anayeuza mnyama wa nyama, mizani ni kinga. Mchuuzi wa mifugo huona wanyama mia kwa mwezi na jicho lake limezoea. Mkulima huuza mmoja au wawili kwa mwaka, na akikadiria kwa jicho ataliwa. Mizani huliondoa hilo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mizani iliyo haki kwa maksai ni haki kwa mtamba.

VII

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza katika Usambara ya Magharibi mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, uliosaidiwa na Ujerumani. Ulihimiza kupanda mistari ya majani ya Guatemala kukinga maji, kupanda miti mashambani, na kufuga bandani badala ya kuchunga. Katika sehemu kadhaa kuchunga huria kulikatazwa. Ng'ombe wa banda hana budi kulipa kwa maziwa gharama ya majani anayokatiwa, na ng'ombe mwenye nundu, ambaye hutoa lita 1 au 2 kwa siku baada ya ndama kunyonya, haiwezi kazi hiyo. Ndipo chotara wa Kizungu alipoingia mazizini, safari hii si katika shamba la mlowezi bali nyuma ya nyumba ya mkulima.

Sifa mpya ilizaliwa sokoni, nayo ni damu. Muuzaji husema ng'ombe wake ana damu nyingi ya Kizungu, na mnunuzi hutazama mahali pa nundu: ikipungua, damu imezidi. Huhesabu chuchu, hupapasa kiwele, huuliza mama alitoa lita ngapi. Kisha huuliza lile swali la kale, ametoka wapi, maana damu ikizidi ustahimilivu hupungua, na ndigana haijatoka. Ghali kuliko wote katika soko hili ni mtamba chotara mwenye mimba. Ndama dume wa chotara huyo huyo hana bei ya haja, kwa kuwa hula majani ya mama yake na hakamuliwi.

Hapo methali yetu imerudi mahali pake. Katika mikoa mingi ya Tanzania unajulikana utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: mfugaji hupewa mtamba bila ya kulipa fedha, na deni lake ni ndama jike wa kwanza, atakayepewa jirani. Akizaliwa dume, deni halijalipwa. Yapasa kungoja tena. Wenye mradi walifikia, kwa hesabu zao za kisasa, kanuni ambayo wazee wa mahari wangeitambua mara moja.

Maneno yenyewe yamebadilika pia. Chotara lilikuwa jina la mtu mwenye wazazi wa mataifa mawili, tena mara nyingi lilitajwa kwa dharau. Sokoni limekuwa sifa ya kupandisha bei. Ng'ombe wa kisasa ni jina lililowekwa na mabwana mifugo, na kinyume chake ni wa kienyeji. Neno kienyeji, lililotoka katika mwenyeji, halina ubaya kwa asili yake. Katika kinywa cha bwana mifugo lilikuwa na maana ya duni. Lakini msomaji aende leo katika soko la kuku la mji wowote, Tanga au Dar es Salaam: kuku wa kienyeji ana bei kubwa kuliko wa kisasa, na muuzaji hulitamka neno hilo kwa fahari, kwa sababu mlaji anataka ladha na nyama iliyokaza. Neno ni lile lile, na sifa za mnyama hazikubadilika. Aliyebadilika ni mnunuzi.

VIII

Wachumi waliochunguza minada ya Kenya na Ethiopia katika miaka ya karibuni wameonyesha kwa hesabu kwamba jinsia, umri, hali ya mwili na msimu hueleza sehemu kubwa ya tofauti za bei za mifugo. Utafiti wao una faida, nasi twaupokea. Lakini mambo hayo manne yamo tayari katika maneno mtamba, koo, tasa, maksai na mfarika, na katika desturi ya Idi. Lugha iliyapanga kabla ya jedwali kubuniwa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kukusanya msamiati wa magulio si anasa ya wapenda maneno. Kijana wa leo wa Lushoto husema ng'ombe jike, ng'ombe dume, ndama, basi. Mtamba amebaki kwa wenye mradi, mfarika hajulikani kwa wengi, koo amehamia kwa kuku. Maneno haya yakitoka, mkulima hupungukiwa na silaha katika mapatano. Akisema tu kwamba anauza ng'ombe jike, mchuuzi atamlipa nyama, kwa kuwa neno ng'ombe jike halimlazimishi kulipa zaidi. Akisema anauza mtamba wa koo aliyezaa mara tano, aliyekulia hapa hapa mlimani, ametaja uzazi, urithi na kinga ya ndigana kwa maneno machache, na mchuuzi hana budi kujibu hoja hizo moja moja kabla ya kutaja bei.

Yatupasa basi tunapotunga kamusi tusitosheke na kueleza mnyama ni wa jinsia gani na ni mkubwa kiasi gani. Tueleze pia neno hilo linadai nini mbele ya mnunuzi, mbele ya wazee wa mahari na mbele ya kadhi. Kazi hii yataka wachunguzi waende Mombo, Mlalo, Soni na nyika ya chini siku za gulio, wasikilize muuzaji na mnunuzi wanavyobishana, na waandike maneno pamoja na sifa ambayo kila neno limeitetea.